Mzee wa Msafara na Njia ya Malori

Hakuna mteja aliyenisumbua kwa kikombe cha chai kama yule mzee. Ataagiza, nitamletea, atapiga funda moja, kisha atasikia lori linashusha gia pale mteremkoni, huyo, keshainuka. Atakwenda kusimama ukingoni mwa barabara, mikono nyuma, alitazame lori linavyopita na magari madogo yanavyoliganda nyuma, atikise kichwa, arudi. Chai imeshapoa. "Nipashie, mwana wanje," ananiambia, maana mbele yake sote tulikuwa wanawe. Nampashia. Funda la pili, lori jingine. Nilikuwa nateketeza kuni za watu watatu kwa chai ya mtu mmoja, na nilimwambia hivyo mbele za watu, tena kwa sauti.

Hoteli yangu wakati huo ilikuwa kando ya barabara kuu hapa Kibondo, unapoingia mjini ukitokea Kasulu. Nikisema hoteli usije ukawaza vitanda. Ni mabati, mabenchi, meza zenye vitambaa vya plastiki na jiko la nyuma. Malori ya kwenda Burundi na yanayorudi yalisimama kwangu kula ugali wa muhogo, maharage ya shamba la baba yangu kule Murungu, na migebuka, wale samaki wa ziwani, ikipatikana. Yule mzee alikuwa mteja wangu, na alikuwa adui wa wateja wangu. Nikaishi na mambo hayo mawili miaka mingi.

Kibondo nzima ilimwita Mzee wa Msafara. Alikuwa na jina la ubatizo kama mtu yeyote, lakini ukiliulizia stendi watu watakukodolea macho. Cheo hicho alikipata miaka ile ya utekaji, wakati barabara yote ya kutoka Kasulu kuja kwetu na kuendelea mpaka Nyakanazi ilikuwa vumbi tupu, na majambazi wanakaa porini wanasubiri magari kama mtu anayesubiri mshahara. Gari halikuthubutu kuondoka peke yake. Yalikusanywa stendi asubuhi, askari wenye bunduki mbele, askari nyuma, ndipo safari inaanza. Yeye hakuwa askari. Alikuwa wakala wa basi, mkata tiketi, ila ndiye aliyepanga nani akae nyuma ya nani, na hakuna aliyembishia, hata wale wenye bunduki.

Kanuni yake ilikuwa moja tu: gari dogo libanane na lori. Lori lenye mzigo si rahisi kulisimamisha, alisema, na vumbi lake ni blanketi. Jifunike. Mtu wa porini ataona lori, hatakuona wewe. Nikiwa msichana nilipanda msafara huo kwenda Kasulu na mama yangu, na namkumbuka anavyopita dirisha kwa dirisha akigonga bodi kwa kiganja. "Dereva, lori hilo ni mama yako leo. Usimwachie nguo. Umeelewa au umeitikia tu?" Hilo la kuelewa na kuitikia alilisema kwa kila mtu, mpaka kwa padri. Tulifika Kasulu tumepakwa vumbi mpaka kope, tukamshukuru Mungu na tukamshukuru yeye.

Sasa sikiliza kilichotokea. Majambazi waliisha. Lami ikaja. Vumbi likaisha. Tabia ikabaki. Mpaka leo, panda mchomoko, yale magari madogo ya abiria yanayoshindilia watu mpaka kwenye buti, ukifika porini utasikia mama mtu mzima kutoka siti ya nyuma: "Dereva, sogea kwenye lori, mwanangu." Na dereva anasogea! Kijana aliyezaliwa majambazi wameshakwisha, anakwenda kuganda kwenye tela la semi kama kupe, mwendo wa lami, hamuoni mbele wala nyuma. Lori likikanyaga breki, habari imekwisha. Watu wa mikoa mingine wanaendesha vibaya kwa haraka. Sisi tunaendesha vibaya kwa woga, na woga wenyewe hauna tena mwenyewe.

Mzee wa Msafara aliliona hilo kabla yetu, na likamnyima raha. Kile alichokifundisha kwa kiganja kwenye bodi za magari, akaanza kuzunguka akikifuta. Stendi, sokoni, misibani. Madereva walimwona anakuja wakapandisha vioo. Wengi waliamini amefiwa. Wageni, hasa walimu na waganga wanaohamishiwa huku, walininong'oneza: mzee huyu alipoteza mtoto barabarani, siyo? Hakupoteza mtu. Watoto wake wote wazima. Siku moja mwalimu mmoja alimpa pole usoni, kwa nia njema kabisa, na mzee akamgeukia akiwa na tonge mkononi. "Pole ya nini? Kwani mpaka nifiwe ndiyo nipewe ruhusa ya kusema?" Mwalimu wa watu akainamia sahani yake akala.

Kukaa hakuweza. Kanisani alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, na mahubiri yakiwa marefu ulimwona keshafika getini. Misibani alipanga pikipiki za waombolezaji, kubwa huku, ndogo kule. Mkewe aliniambia kwamba hata kulala analala upande wa mlangoni. Yule mama alikuwa mpole, mwenye maneno machache, na alikuwa na namna ya kumwita mumewe kwa kukohoa tu. Alikohoa sana siku ya harusi ya binti wa jirani yetu, lakini haikusaidia.

Harusi ile bado inasimuliwa. Kwaya ilipanda fuso na ngoma zao, bibi harusi yuko nyuma kwenye gari dogo lenye maua, na bwana harusi nyuma zaidi na watu wake. Kufika kwenye kilima cha kanisani, mzee, ambaye alikuwa mwalikwa kama sisi, akashuka akausimamisha msafara mzima kwa fimbo. Bibi harusi hakai mkiani mwa lori, akasema. Akalipitisha gari la maua mbele, akamwamuru dereva aende na asitazame nyuma. Fuso likaanza kupanda kilima kwa kunyata, likachemsha, likazimika katikati ya njia na kwaya yake juu. Bwana harusi amezibwa. Bibi harusi akafika kanisani peke yake, akasubiri, akasubiri, akaanza kulia ndani ya gari akidhani ameachwa siku ya ndoa. Shangazi yake alimshushia mzee matusi ya Kiha ambayo siwezi kuyaandika, kisha akayarudia kwa Kiswahili ili wageni nao wafaidi. Mzee alisubiri amalize. "Lakini amefika mzima," akasema.

Nilicheka siku ile mpaka mbavu zikaniuma. Lakini hoja yake haikuwa ya kuchekesha, na mimi nilikuwa mmoja wa wachache walioisikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa nilikuwa jikoni na sikuwa na pa kukimbilia. Alichotaka si madereva waache nafasi tu. Hiyo aliiona ni kubembeleza. Alitaka malori yawe na njia yao. Malori huku, watu kule.

Asubuhi moja ya ukungu, hoteli haina mtu, alichukua sufuria yangu ndogo akaiweka katikati ya meza. Akapanga vikombe nyuma yake, kimoja kimoja.

"Hili ni lori, linapanda mlima. Huyu wa kwanza anapeleka mgonjwa hospitali. Huyu ana nyanya za kuuza. Huyu mwalimu, watoto wanamsubiri darasani. Wote wanakwenda mwendo wa sufuria. Wanalipa au hawalipi?"

"Wanalipa nini? Nauli ni ile ile."

"Wanalipa muda. Wanalipa mafuta ya gia ndogo. Nyanya zinalipa kwa kuoza."

"Na hela hiyo anaila nani?"

"Hakuna anayeila! Ndiyo maana hamuioni. Kungekuwa na mtu anaila mngeshaandamana." Alikuwa ameinuka tayari, anazunguka meza. "Haya, lami anaivunja nani? Kikombe? Kikombe hakiwezi hata kukwaruza. Ni sufuria. Na ya kuitengeneza anachangia nani? Kila anayenunua mafuta, mpaka wa bodaboda. Kwa hiyo kikombe kinamtengenezea sufuria njia, halafu kinasubiri nyuma yake, halafu kinakufa chini yake. Umeelewa au umeitikia tu?"

Nilielewa. Ndiyo shida yenyewe, nilielewa vizuri kabisa. Nikaichukua sufuria yangu nikaikumbatia. "Mzee, kikombe hakijawahi kula kwangu. Basi linapita, lori linasimama. Dereva wa lori anakula, utingo wake anakula, anaoga, ananunua vocha kwa jirani, anaziba pancha kwa yule pale. Abiria wa basi ananunua karanga dirishani na ganda ananitupia mimi. Ukiniondolea hii sufuria mezani, nabaki na nini?"

"Utayafuata malori yatakakopita."

"Kuna nini huko?"

"Kwa sasa majani."

"Basi wewe nenda ukale majani!" nikamwambia. Alicheka, maana alipenda kujibiwa. Kisha honi ikalia barabarani naye akatoka.

Usidhani aliyachukia malori. Hapo ndipo alipokuwa mgumu kumwelewa. Aliyajua kwa honi zao, akiwa ndani bila kutazama, na likipita lenye honi nzuri uso ulimlegea. Akitaka kwenda Kasulu kwa binti yake, hakupanda mchomoko hata umvute kwa kamba. Alipanda lori la ndizi, juu kabisa, amejifunga koti, bure, kwa kuwa madereva wa malori walimpenda yeye kuliko madereva wa michomoko walivyompenda. Walimletea chumvi, walimpelekea salamu. Tukamcheka: mzee, si ulisema watu kule? Akajibu kwamba mtu aliye juu ya lori hayuko nyuma yake. Akajifanya jibu hilo linatosha.

Mara moja tu nilimwona ameshindwa hoja akiwa safarini. Tulikuwa tumekwenda pamoja gulio la karibu na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mimi kutafuta mafuta ya mawese, yeye kutafuta watu wa kuwahubiria. Akawasimamia wanawake wa Kikongo waliokuwa wanauza, akaanza habari zake za malori na njia yao. Mama mmoja aliyekaa juu ya gunia akamtazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Papa, weye unachukiaka kamyo," akamwambia. "Siye kamyo ndiyo inatuleteaka kula. Siku kamyo haikuje, watoto wanalala njaa. Uiweke mbali, siye tutaifikia na nini, na miguu?" Mzee akachukua fimbo yake tukaondoka. Njia nzima ya kurudi, mpaka tunapita Makere, alikuwa anabadilisha fimbo mkono huu, mkono ule.

Nyumbani kwangu tulikuwa na sababu mbili za kumsikiliza. Ya kwanza ni hiyo hoteli. Ya pili ni mdogo wangu wa kiume, ambaye kazi yake ni kuendesha mchomoko, Kasulu na Kibondo, kila siku ya Mungu. Mzee alimkalisha mara nyingi akamweleza habari ya kuacha nafasi. "Freshi, mzee, nimekupata," anasema mdogo wangu, anakunja vidole kumsalimu, anawasha gari, na kabla hajafika kona ya pili keshaganda kwenye mkia wa semi. Nilimwona kwa macho yangu nikiwa mlangoni. Kwa hiyo malori ndiyo yaliyonilisha, na malori ndiyo yaliyonikosesha usingizi. Niambie mtu anapiga kura gani hapo.

Kura ilikuja. Malori yalikuwa yanabanana sokoni mpaka watu wanashindwa kuvuka na mikungu yao, ikaitishwa mikutano ya kusikiliza wananchi: je, ikatwe barabara ya mchepuko nyuma ya mji, malori yote yapite huko? Walikuja wataalamu, kati yao kijana mmoja mpole, mtu wa mkoa wa mbali, Kiswahili chake laini, amevaa buti zilizotapakaa udongo mwekundu wa kwetu. Mzee wa Msafara alifika amevaa koti la ibada. Alikuwa ameingoja siku hiyo kuliko alivyongoja harusi za watoto wake. Akasema yote, sufuria na vikombe, akaomba isiwe nyuma ya mji tu, iwe mpaka Kasulu, njia mbili, malori kwao na watu kwao.

Yule kijana alimjibu kwa heshima zote. "Mzee wangu, unachosema ni kweli. Lakini barabara mbili ni mara mbili ya kila kitu: madaraja mawili, mitaro miwili, matengenezo mawili. Magari ya huku hayajafika wingi wa kuzilipia zote mbili. Tukijenga ya pili leo, zote mbili zitakufa kwa kukosa matunzo." Mzee hakuketi. Akaanza kutembea mbele ya meza yao, huku na huku, mpaka mwenyekiti akamwomba aketi.

Ndipo nikasimama mimi. Nikasema habari ya basi linapita na lori linasimama, watu wakapiga makofi. Nikaongeza. "Na mzee huyu ndiye aliyetufundisha kubanana na malori. Leo ameona amekosea, anataka sisi tulipie kosa lake kwa njaa yetu." Makofi yakawa makubwa zaidi, na kuna aliyepiga mluzi. Nilisema kweli na hata leo ningesema vile vile. Alinitazama, siyo kwa hasira. Akachukua kofia yake akatoka, na hakunywa tena chai kwangu. Baadaye nikasikia magoti yamemharibikia, yeye na mkewe wamehamia Kasulu kwa binti yao. Nilibaki na kuni za kutosha, na kila honi ikilia nilitazama mlangoni kwanza.

Mchepuko ukakatwa, makofi yangu hayakuuzuia. Siku malori yalipohamia huko, upande wetu wa mji ulinyamaza mpaka ukasikia kuku wa jirani. Nilipika, nikamwaga. Nilipika kidogo, nikamwaga kidogo. Wa pancha alifunga. Wa vocha alifunga. Mimi nilikaza roho wiki kadhaa, nikimlaani mzee kila asubuhi nikiwasha moto, kisha nikang'oa mabati yangu nikayapakia kwenye mkokoteni, nikayafuata malori. Huko kulikuwa na majani kama alivyosema. Nikayafyeka, nikajenga, nikaweka kiwanja kipana cha kuegesha. Yakaanza kusimama. Nikapumua.

Hazikupita siku nyingi nikaona mchomoko uwanjani, umejipenyeza kati ya semi mbili. Mdogo wangu. "Sista, mjini hakuna tena msosi wa maana, abiria wangu wanataka ugali wa moto." Nikawapa, kwa nini nisiwape? Kesho yake wakaja wawili, mara watano. Chakula cha moto kiko kwenye malori, basi kila mwenye njaa akaja kwenye malori. Ile njia waliyoikata kwa tingatinga ili kutenganisha, mimi niliiunganisha tena kwa sufuria za maharage. Na sitakudanganya, nilifurahi. Abiria wakawa nusu ya wateja wangu. Nikaajiri msichana wa kunisaidia.

Halafu ikaja siku ile. Semi ilikuwa inarudi nyuma itoke uwanjani, dereva haoni nyuma, na mchomoko wa mdogo wangu umeegeshwa kwenye mkia wake kama kawaida yetu. Ilirudi juu yake kama mtu anavyokalia kikapu cha mayai. Abiria wote walikuwa mezani kwangu. Wote, ila mtoto mchanga mmoja, amelazwa siti ya mbele amefunikwa kitenge. Mama yake alikuwa na tonge mkononi. Sauti aliyoitoa yule mama siwezi kuieleza. Buti na siti ya nyuma zilikuwa bapa, siti ya mbele ikabaki, na mtoto akatolewa dirishani analia, mzima, hana hata mkwaruzo. Watu walisema Yesu asifiwe. Mimi nilikwenda jikoni nikauzima moto.

Siku iliyofuata nikafunga kamba ya katani kuzunguka uwanja. Gari dogo halivuki, na abiria halishwi. "Waegeshe nje, waje kwa miguu," mdogo wangu akanisihi. Nikamwambia waegeshe nje wapi, kando ya njia ya malori? Harufu ya chakula ikiwaita, wataegesha popote. Dawa ni wajue hakuna. "Sista, unafukuza hela." Nafukuza, nikamwambia. Yule msichana nilimwachisha kazi, akalia, na mimi nikalia. Wapo walionitukana wakiwa dirishani. Ukimruhusu mmoja, nyuma yake wako kumi, kwa hiyo sikumruhusu mtu, hata mke wa mchungaji.

Majuzi mdogo wangu, ambaye sasa anaendesha mchomoko wa tajiri mwingine, alinipigia akiwa Kasulu. "Nakuja na mgeni wako. Mzee wa Msafara. Anakuja kuaga shamba lake, linauzwa. Amepanda kwangu, mbele, juu ya lori hawezi tena. Ameniambia hatakula popote mpaka afike kwako." Nikakimbia kutafuta migebuka. Nikasonga ugali wa muhogo kama anavyoutaka, mlaini. Nikapakua, nikafunika, nikaweka na birika la chai pembeni, nikiwaza nitampashia hata mara ngapi, na kwamba abiria wengine watakuwa wameshashushwa mjini.

Gari lilikuja. Mdogo wangu akashuka akaishusha kamba kwa mkono wake mwenyewe, akaingiza gari uwanjani. Nyuma limejaa watu, akina mama, mzee mwingine, watoto wamepakatwa. Yeye yuko mbele, amekuwa mdogo, koti linamvaa. Nikaenda mpaka dirishani kwake.

"Amahoro, mwana wanje."

"Amahoro, mzee wangu."

Hakunitazama. Alikuwa anatazama uwanja. Semi zimejipanga, madereva wanakula, hakuna gari dogo hata moja isipokuwa hilo alilomo. "Malori yamekaa peke yake," akasema taratibu. "Umeyaweka peke yake." Kisha akashika kitasa cha mlango ashuke, na mimi nikauzuia ule mlango kwa mkono.

"Usishuke, mzee. Hapa abiria hawali."

Mdogo wangu akapaza sauti: "Sista! Magoti hayamfai, ningemshusha wapi?" Mama mmoja siti ya nyuma akadakia hapo hapo: kama mzee anakula na wao wana njaa, wametoka Kasulu hawajatia kitu tumboni, watoto hawa hapa. Wale watoto walikuwa wananitazama.

"Mimi si abiria," mzee akasema. "Nimekula kwako miaka yote. Sahani moja tu, nitakula humu humu ndani."

"Nikikupa wewe, huyu mama nimwambie nini? Nikimpa huyu, kesho uwanja umejaa. Wewe ndiye uliyesema, mzee. Malori kwao, watu kwao."

"Nilisema." Kitasa hakukiachia. "Lakini sikusema mpaka mimi."

Machozi yalinitoka na sikuyafuta, ila mkono wangu haukutoka mlangoni. Semi moja ikawashwa nyuma yetu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakugeuka kuitazama. Akaachia kitasa. Akavuta mkanda, akahangaika nao, mdogo wangu akamsaidia kuufunga. "Geuza gari," akamwambia. "Hapa si mahali petu."

Gari likatoka, nikaifunga kamba. Nilirudi ndani nikaifunua ile sahani, bado inatoa mvuke. Kulikuwa na dereva wa lori amekaa peke yake karibu na mlango, hajahudumiwa. Nikamwekea mbele yake. Akanawa, akamega, akatafuna, akaniambia samaki wa leo wamekolea.